Kikasha ya muziki ku ampli ya papa: nyuma ya miezi saba, maoni yangu njo haya

Kila muntu anaingia mu salo yetu hapa Katuba, mu Lubumbashi, anatupa macho juu ya ampli, anaona ile kikasha nyeusi, ndogo kama kipande ya sabuni ya kufulia, na anauliza: hii ni dekoda ya wapi? Haiko dekoda. Njo inapigaka muziki. Ma-CD yote ya papa, 212, iko mu ndani, ampli ni ile ile Pioneer alinunuaka mbele miye nizaliwe, ma-bafle ni ile ile, na kazi yote ilifanywa na kijana moja wa atelye ndogo ku Kamalondo, miezi saba sasa. Kwa ujumla nampa nne juu ya tano. Ile moja alipoteza nitaisema, hata kama nusu yake ni kichwa yangu ngumu.

Mambo ilianza na lektere ya CD. Unaingiza CD, inazunguka, inafikiri, inazunguka tena, kisha inakuandikia NO DISC sawa vile CD haiko mbele yake. Papa alifungua, akapangusa ile jicho ya lenzi na pamba na alkoli kidogo, ikapiga wiki mbili, ikarudilia. Alitumika ku reli miaka mingi, muntu ya mashine, hakubali kitu kufa, alipangusa mara ine. Lakini laser ya lektere inazeekaka sawa balbu, ikichoka imechoka, na kupata kichwa mupya ya ile modeli leo ni kutafuta sindano mu majani.

Bon, kitu ya kwanza nilinunua, na msicheke, ni ile kidude ya Bluetooth ya dola 8 ku soko ya Kenya (komine ya hapa kwetu, haiko ile inchi). Muuzaji alinihakikishia kabisa: mama, hii inapiga sawa konseri. Nikarudi nyumbani, nyuma ya ampli kuko matundu mingi, nikatafuta yenye iko wazi, nikaona imeandikwa PHONO, nikafikiri phono ni sauti, njo penyewe. Nikabranshe. Muziki ilitoka, ndiyo, lakini ilitoka sawa muntu anaimba mu pipa ya maji, bas inanguruma, sauti ya juu imekwaruzika hata ukiweka volimu ku moja. Papa alivumilia nusu ya wimbo. "Mama, zima ile debe." (Papa ananiitaka mama, kama baba yote ya hapa na binti zao.) Nikalaumu Bluetooth, nikalaumu muuzaji, na kumbe huyo muuzaji hakuwa na kosa hata kidogo, nitafika pale.

Hata ningeweka ku tundu ya sawasawa, Bluetooth haingedumu kwetu. Simu ni yangu, nikienda soko muziki inaenda na miye. Nikiwa nyumbani, kila ujumbe ya WhatsApp ya kikundi ya kwaya inalia mu ma-bafle makubwa, TING, katikati ya wimbo, na bamama ba kwaya hawaandikaki ujumbe moja, banaandika kumi na tano. Papa akauliza kama ile kengele iko mu wimbo.

Njo nikaenda Kamalondo. Rafiki wangu wa kazi alinipeleka ku ile atelye, chumba moja, meza moja, harufu ya kusuduri (kulehemu) mpaka inje, ma-televizyo yenye imefunguliwa tumbo imepangwa ku ukuta. Kijana eko na miaka labda 26. Nikamueleza: niko na shene ya papa ya zamani, nataka ipige muziki ya kidijitali, lakini sauti ibakie ile ya papa, isikuwe sauti ya simu. Swali yake ya kwanza:

"Mama, kwenu umeme inakatikaka mara ngapi mu wiki?"

"Nimekuja juu ya muziki, weye unaniuliza umeme?"

"Njo ya kwanza, mama. Muziki ni ya pili."

Nikafikiri anataka kuniuzia kitu. Na kweli, dakika mbili nyuma akasema niongeze batri ndogo ya volti 12 na kipunguza-volti, dola 25. Nikaona, ah, nilijua. Nikakataa. Hii ukumbuke, itarudi.

Alikuja nyumbani kuangalia ampli (alisema Alhamisi, alikuja Jumatatu yenye ilifuata, bila kupiga simu, tena nilisha kuruhusu batoto kutandaza nguo mu salo). Akaenda nyuma ya ampli na lampe ya simu, akaona kebo yangu mu PHONO, akafunga mudomo yake na mukono juu asinichekee mbele ya papa. Kisha akaeleza, na papa mwenyewe akasogeza kiti. Tundu ya phono ni ya santuri, ya sindano. Sindano inatoa umeme kidogo sana, kama milivolti 5, kwa hiyo mu ndani ya ampli kuko kiwanda kingine kidogo cha kuikuza karibu mara mia, na tena kuinyoosha, maana ku santuri banakataka bas na kupandisha sauti ya juu wakati ya kurekodi, ampli inarudisha kinyume. Sasa kidude ya CD ao ya kidijitali inatoa karibu volti 2, yaani mara 400 ya ile sindano. Unaimwaga mu kiwanda ya kukuza kitu kidogo, tena yenye inaongeza bas kwa makusudi. Pipa ya maji. Akachomoa, akaweka ku AUX, nikawasha ile Bluetooth ya dola 8 na ikapiga vizuri. Si vizuri sana, lakini ile debe ilikufa palepale. Kama ungesoma hii maoni paka mpaka hapa, ulisha kupata faida: AUX, TAPE, CD, TUNER, zote ni sawa kwa hii kazi, PHONO uiache na santuri yake.

Kikasha yenyewe. Mu ndani ni Raspberry Pi 4 ya giga 2, ile kompyuta ndogo ya Uingereza yenye eneo lake linatosha mu kiganja, na juu yake wameshindilia plaki ya HiFiBerry, ya Uswisi, DAC2 Pro. Raspberry yenyewe iko na tundu ya kasko, lakini sauti ya pale ni ya kusikiliza habari tu, inatoa shhhh mu ndani. Plaki (ya hivi inaitwaka DAC) njo inafanya kazi ya kweli: inapokea namba kutoka ku faili na kuzigeuza mawimbi ya umeme yenye ampli inaelewa, na iko na saa zake mbili za kuhesabia, moja kwa familia ya kilohezi 44.1 ya CD, ingine ya 48, kwa hiyo haiombi saa ya Raspberry yenye iko bize na mambo mengine. Inakaa ku pini 40 za juu bila kusuduri kitu. Nyuma kuko matundu mawili ya RCA, nyeupe na nyekundu, inaenda AUX. Basi. Vitu ilipitia Kasumbalesa, ku mpaka na Zambia, na mizigo ya muntu wake, ilichukua wiki tatu, na hapo sina malalamiko juu alisema tatu na ikakuwa tatu.

Bei, juu najua mtauliza: Raspberry, plaki, kasha ya chuma, karte ya SD, sharjeri na flashi, vyote pamoja nililipa dola 150, na kazi dola 30. Batri ilikuja nyuma. Hakunipa risiti, nikiomba akaniandikia ku nyuma ya kalendari.

Jambo moja lilinipendeza kwake. Nilikuwa na mpango ya kununua disk kubwa ya tera moja, nilisikia bantu banasema muziki ya FLAC (faili yenye haipotezi kitu ya CD) ni nzito. Akafanya hesabu ku karatasi: CD moja ya dakika 50 ikiwa FLAC ni kama mega 300, mara 212, haifike giga 70. "Mama, disk ya nini? Flashi ya 128 inatosha na inabakia." Na akaongeza kwamba disk ya kuzunguka inakunywaka umeme mingi wakati inaanza, na Raspberry 4 inatoa ampea 1.2 tu ku matundu yake yote ya USB pamoja, inaweza kukosa nguvu na kulialia tak-tak-tak. Leo yote iko giga 66. Fundi mwenye anakatalia kukuuzia kitu, usimupoteze huyo.

Sasa kazi ambayo hakuna fundi atakufanyia: kuingiza ma-CD. Nilitumikisha laptop yangu na Exact Audio Copy, programu ya bure ya Windows, haina sura nzuri, inafanana na karatasi ya ushuru, lakini inasoma CD kwa uangalifu, ikipata sehemu imekwaruzika inarudilia tena na tena mpaka majibu ilingane. CD safi ni dakika saba nane. Kuko moja ya rumba papa alikuwa anaipelekaka mu matanga na mu ndoa, ile ilichukua masaa mawili na nusu, laptop inapuliza moto, na wimbo ya sita haikutoka hata. Jioni baada ya jioni, nyuma ya bukari, miye na ile laptop. Miezi miwili.

Na hapa nilipata aibu ndogo. Karibu ma-CD 60 ya papa haiko ma-CD ya kweli, ni zile za kukopye za soko, karatasi ya fotokopi mbele. Nikaziingiza FLAC kama zingine, nikajisifu. Kijana akanionyesha ku programu ya kuchora sauti: CD ya kweli mchoro unapanda mpaka karibu kilohezi 22, zile za soko zinakatika ku 16 sawa muntu amekata majani na panga. Maana yake: mwenye alichoma CD aliitoa ku MP3 ya kilobiti 128, ikageuzwa CD, miye nikaigeuza FLAC. Mega nyingi, muziki ileile ya 128. Chenye kilisha kukatwa hakirudi. Nilizifuta nikaziacha MP3 tu, na zingine nilinunua upya mu faili.

Majina ya nyimbo, lo. Ukisha kuingiza, programu inaleta majina kutoka intaneti, kila muntu aliandika vile anapenda. O.K. Jazz, ile orkestra ya 1956, nilikuwa nayo mara tano: O.K. Jazz, OK Jazz, T.P.O.K. Jazz, TPOK Jazz na Tout Puissant mu maneno kamili, na kwa mashine ile ni orkestra tano tofauti. Nyimbo za kwaya ya parokia ndiyo kabisa, hakuna muntu duniani alishaandika, zote ni Track 01, Track 02. Papa alikaa pembeni yangu anasikiliza sekonde kumi anasema jina, mwaka, na nani alipiga gita, miye naandika. Hakukosea mara nyingi. Programu ya MusicBrainz Picard inasaidia kwa zile zenye kujulikana, zingine ni kichwa ya mzee tu. Kama uko na mzee nyumbani, fanya hii kazi leo, usingoje.

Turudi ku ile umeme.

Kikasha ilikuja na programu moja nzuri sana kwa macho, picha za ma-CD zinapangika mu rangi, unaifungua ku simu yoyote mu wifi ya nyumba. Tulipiga muziki siku ine, jirani akakuja na kiti chake. Siku ya tano saa moja jioni, umeme tup. Saa tatu ikarudi, ampli ikawaka, kikasha ikawaka taa nyekundu na ikabakia pale. Hakuna muziki, hakuna ukurasa ku simu. Kompyuta, hata ndogo hivi, inakuwaka inaandika vitu vidogo vidogo ku karte kila wakati, umeme ikikatika katikati ya kuandika ile ukurasa inabakia nusu, na kama ni ukurasa ya kuamkia, haiamke. Kijana alikuja, akaandika karte upya, bure, dakika 40. Wiki mbili nyuma, delestaji, tup, ileile tena.

Mara ya pili sikumpigia kwa upole. Nikamuambia nilipe dola 180 juu ya kitu yenye inakufa kila delestaji, mu Lubumbashi? Akajibu polepole: mama, nilikuambia umeme njo ya kwanza. Ni kweli, aliniambia. Lakini akafungua laptop yake, akaweka programu ingine, piCorePlayer, na kueleza kwamba hii inajipakia yote mu RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, wakati ya kuwaka, kisha haigusi karte tena, hata ukichomoa prizi katikati ya wimbo. Na alichomoa mbele yangu. Mara tatu. Mara tatu ikaamka, ku sekonde kama hamsini hivi iko tayari.

Njo hapa nyota moja ilianguka. Kama alijua hii dawa, na ni ya bure, juu ya nini hakuiweka siku ya kwanza? Alisema wateja banapenda ile ingine juu ya uzuri wake, na hii ya pili inatisha kuisanidi. Sikubali. Muntu mwenye swali yake ya kwanza ni umeme angepaswa kuanza na programu yenye haiogope umeme, batri ao bila batri. Nilimuambia na akakubali, na nasikia sasa njo anaanza nayo kwa kila muntu, basi angalau hasira yangu ilitumika.

Sura ya hii ya pili nyuma ya siku chache unaizoea. Inaendeshwa na Lyrion Music Server, na hii iko na hadithi yake: ilizaliwa na kampuni ndogo Slim Devices, Logitech ikainunua 2006, ikatengeneza mashine zake za Squeezebox, ikaacha kuzitengeneza 2012, na bantu bapenzi ba muziki wakabakia kuitunza programu wenyewe mpaka ikabadilishwa jina 2024. Kitu yenye kampuni iliacha na bantu wakakatalia isikufe, papa alipenda hiyo sana. Ile sehemu yake ya kuorodhesha nyimbo bado inaandikaka kidogo, kwa hiyo umeme ikikatika wakati unaongeza ma-CD mapya inaweza kuomba kuhesabu upya. Kwangu ilifanya mara moja, robo saa, ikaisha.

Batri nilinunua mwishoni, ndiyo, cheka. Lakini juu ya sababu ingine. Sharjeri ya rahisi niliyokuwa nayo ilikuwa inaleta zzzz ndogo mu bafle ya kushoto, wakati wimbo ni wa gita moja na sauti moja unaisikia kabisa. Na umeme ikishuka, kikasha ilikuwa inapata chini ya volti 4.63, maana yake haishibi. Batri ndogo ya volti 12 ya ampea 7, na kipunguza kwenda volti 5, inasharje mchana na paneli ndogo ya papa ya taa. Haigusane na umeme ya ukuta hata kidogo, zzzz ikakufa. Kikasha inakula kama wati 4, kwa hiyo ile batri inaitosha masaa kumi bila kuiumiza. Musichanganye, hii haiko ya kupiga muziki mu giza, ampli bado inataka volti 220. Nilijaribu ampli ku inverta ya jirani, ile ya bei chini, transfo ya ampli ikaguna sawa nguruwe, nikazima mbio.

Sauti sasa. Niliazima lektere ya CD ya jirani, nikaibranshe ku TAPE, kikasha ku AUX, papa akakaa ku sofa amefumba macho, miye nabadilisha butoni, CD ileile, sehemu ileile. Bluetooth aliigundua kila mara, sekonde tatu: "Hii ile ya debe, imevaa suti." Na haki yake, ile ya kawaida inakamua muziki mpaka kama kilobiti 328 kwa sekonde juu kabisa, CD ni 1,411, maraka ilikuwa inasikika sawa muntu anakwangua mchanga. Lakini kati ya lektere na kikasha mu mara kumi alipatia tano. Ni kubahatisha. Kisha akakasirika kidogo, akasema jirani eko na lektere mbaya.

Kwa hiyo bantu banaulizaka kama inafaa kutafuta faili za biti 24 na kilohezi 96, zile za bei: kwetu, apana. CD inabeba mpaka kilohezi 22, sikio ya kijana inaishia karibu 20, na papa eko na miaka 71, mambo ya juu pale anayaacha kwa mbwa. Chenye kilibadilisha sauti kuliko plaki yoyote ni bure: kijana alivuta ma-bafle kutoka ku kona za ukuta, karibu nusu metre, na akaniomba nirudishe tapi ku sakafu ya karo. Ile bas ya kuvimba ilitoka, sebene ikawa na gita mbili zenye unaweza kuonyesha na kidole, hii hapa, ingine kule. Papa akasimama. Hakusema kitu, akaenda akapangusa vumbi ku bafle na shati yake. (Siku ya kwanza kijana alikuwa ameweka nyeupe ku nyekundu, kushoto ikawa kulia. Njo papa aligundua, si yeye.) Na kuko kitu hakuna DAC inashinda: mwezi wa kwanza, mvua ku mabati. Hapo unazima tu unangoja.

Intaneti: haihitaji. Hii banyumba banashindwa kuelewa. Kuko ruta ndogo ya zamani, haina hata forfe ya intaneti mu ndani, kazi yake ni kuunganisha simu na kikasha tu. Muziki ya ku intaneti kwa ubora ya kilobiti 320 inakula mega 144 kwa saa, papa anasikiliza masaa matano kwa siku, fanya hesabu yako ya ma-mega.

Ubaya yenye ilibakia. Kikasha haina skrini, haina butoni, na papa hapendi simu. Miezi ya kwanza alikuwa ananingojea nitoke kazini juu nimuwekee wimbo, na hapo niliona aibu, lektere yake iliyokufa alikuwa anaiendesha mwenyewe. Tulitatua na simu ya zamani ya dada yangu, mgongo umevunjika, haina SIM, iko ku sharjeri ku etajeri na ukurasa ya muziki inakaa wazi. Papa anaiita telekomande. Neno ya siri ya wifi iliandikwa na kijana ku boksi ya sukari, na mama akatupa ile boksi, ilibidi kumpigia tena. Andikeni mahali pa maana.

Kama huna ampli na ma-bafle tayari, hii haiko ya kwako, kwa dola 200 na kitu unapata bafle ya Bluetooth ya nguvu na unalala. Kama uko nayo, ya papa ao ya mukubwa, inakusanya vumbi mu salo, usiiuze kwa bei ya chuma.

Ma-kaseti bado. Papa eko na sanduku nzima chini ya kitanda, kijana alisema tulete deki yenyewe aiangalie, na papa amekatalia kabisa isitoke nyumbani, anasema atakuja kijana ku deki, deki haitaenda ku kijana. Alisema Alhamisi.